Unataka Ngapi Mkononi?

"Mama, wewe unataka ngapi mkononi? Zingine niachie mimi."

Dalali wa kwanza alimwambia shangazi yangu hivyo hata kabla hajaketi, alipokuja kuitazama nyumba yake hapa Shieywe, mjini Kakamega. Ni maneno matamu kwa mwenye nyumba: taja bei yako, dalali apachike cha juu chake, kila mtu aende na haki yake. Nimeyafuatilia mauzo yale hatua kwa hatua, na nina hakika swali hilo ndilo lililomchelewesha shangazi miezi saba.

Alitaja milioni 4.5, kisha akawapa kazi madalali watatu kwa pamoja, akiamini wengi hutafuta vizuri kuliko mmoja. Kila mmoja akaweka cha juu chake. Mwalimu mmoja aliyekuwa na pesa tayari aliisikia nyumba ileile kwa milioni 5, kwa 5.4, na kwa 5.8, yote ndani ya wiki moja. Akahisi anachezewa, akanyamaza. Baadaye watu mjini wakaanza kuulizana nyumba ile ina nini hadi haiuziki.

Kamisheni ya asilimia nayo si dawa kamili. Chukua asilimia 3: muuzaji akingoja kidogo akaongezewa 200,000, ajenti hupata 6,000 tu, kwa hiyo humhimiza auze leo. Huko Chicago, wanauchumi Steven Levitt na Chad Syverson walilinganisha mauzo karibu 100,000 wakakuta kwamba maajenti wanapouza nyumba zao wenyewe husubiri siku 9 na nusu zaidi, na hupata bei iliyo juu kwa asilimia 3.7 hivi. Basi cha juu humfanya dalali ang'ang'anie bei isiyofikika, asilimia humfanya aiachie mapema. Kazi ya muuzaji ni kuandika malipo yatakayouvuta moyo wa ajenti uelekee upande wake.

Ajenti wa nne alikuwa mama wa makamo. Alitoa cheti chake bila kuombwa. Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya Kenya, ya 1984, inamtaka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na bodi, na kuifanya bila usajili ni kosa. Lakini kilichonishawishi mimi si cheti. Kabla ya kuona hata chumba kimoja aliomba hati. Shangazi akaitoa sandukuni, imefungwa kwenye leso. Jina lililoandikwa lilikuwa la marehemu mjomba, mume wake.

"Mama, hii hatuwezi kuibandikia bango leo," akasema.

Madalali watatu walikuwa wameionyesha nyumba ile kwa miezi saba, na hakuna aliyeuliza jina la nani liko kwenye hati! Kuuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa chini ya Sheria ya Urithi, na mnunuzi aliyetoa malipo ya kwanza angekuwa na haki ya kuwaka. Bahati nzuri mahakama ilikuwa imeshathibitisha urithi na watoto wote wamekubali. Kilichobaki ni afisi ya ardhi kubadilisha jina. Kisha, kwa sababu ya kodi, akauliza shangazi ameishi humo tangu lini. Dalali wa pili alikuwa amemtaka ampe yeye asilimia 15 ya bei yote, eti kodi "ya serikali". Kodi hiyo, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, hutozwa faida wala si bei, na nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza imesamehewa.

Mkataba wao ulijaa ukurasa mmoja. Ajenti peke yake, miezi mitatu. Bei moja, milioni 4.8, iandikwe kwenye bango. Asilimia 3 ya milioni 4.5 za kwanza, na asilimia 10 ya kila shilingi inayozidi hapo. Malipo ya kwanza yaingie akaunti ya wakili, yasipitie kwa ajenti. Na daftari la mistari: kila aliyeletwa kuona nyumba aandikwe jina na tarehe, wote wawili watie sahihi, ili miezi mitatu ikiisha ajenti asije akadai kamisheni ya mtu ambaye hakumleta.

Nyumba iliuzwa milioni 4.75. Ajenti alipata 135,000 na juu yake 25,000; shangazi akabaki na 4,590,000 kabla ya gharama za wakili. Aliyeeneza habari hadi zikamfikia mnunuzi ni yule dalali wa kwanza, ambaye anawajua watu wa mji huu kuliko ajenti yeyote. Ajenti alimpa kitu kutoka fungu lake mwenyewe. Safari hii hakuwa na pa kupachika cha juu: mnunuzi alikuwa ameshaisoma bei kwenye bango.