Mgeni, Mtalii na Jembe: Uhakiki wa A Small Place ya Jamaica Kincaid

Utangulizi

Masimulizi ya likizo ya ufukweni yana umbo linalojulikana. Mume na mke waliochoshwa na kazi na baridi ya kwao wanapanda ndege kwenda kisiwa kimoja cha Karibi. Wanapokelewa kwa kinywaji baridi, wanaonyeshwa chumba kinachotazama bahari, wanaota jua, wanaogelea, wanakula samaki, wanatazama jua likizama. Siku ya saba wanarudi kwao na picha. Hakuna mgogoro wala kilele. Sifa ya likizo njema ni kwamba hakuna lililotokea.

Vipeperushi vya utalii vimejaa masimulizi ya namna hiyo, na insha za baadhi ya wanafunzi wetu, hata wale ambao hawajaiona bahari, zimeanza kuyafuata. Katika makala haya tunakihakiki kitabu kilicholichukua simulizi hilohilo na kulifumua uzi mmoja mmoja. Kitabu chenyewe ni A Small Place, kilichotoka mwaka 1988. Tunadhani kinawafaa walimu wa fasihi linganishi, na zaidi walimu wa tafsiri, kwa sababu zitakazoonekana hapa chini.

Mwandishi na kazi yake

Jamaica Kincaid alizaliwa mwaka 1949 mjini St. John's, kisiwani Antigua, akiitwa Elaine Potter Richardson. Aliondoka mwaka 1965 akiwa kijana kwenda kulea watoto wa watu huko Marekani, na baadaye akawa mwandishi mashuhuri. Antigua ni kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba 280 hivi. Waingereza walianza kukikalia mwaka 1632, wakakigeuza shamba la miwa lililolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1834. Viwanda vya sukari vilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na uhuru ukapatikana mwaka 1981. Kufikia wakati huo utalii ulikuwa umeshachukua nafasi ya miwa. Kisiwa hutangazwa kwa watalii kuwa kina fukwe 365, yaani ufukwe mmoja kwa kila siku ya mwaka.

Kitabu si riwaya. Ni insha ndefu yenye sehemu nne, isiyofika kurasa mia moja. Sehemu ya kwanza, ambayo ndiyo tutakayoishughulikia zaidi, inamfuata mtalii kuanzia anaposhuka uwanja wa ndege hadi anapotazama bahari kutoka dirishani. Sehemu zinazofuata zinarudi kwenye ukoloni, kwenye ufisadi wa serikali ya baada ya uhuru, na kwenye maktaba ya mji iliyoharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1974 ikaachwa bila kujengwa upya kwa miaka mingi. Jengo jipya la maktaba lilikuja kufunguliwa katika miaka ya 2010, muda mrefu baada ya kitabu kutoka.

Maudhui

Dhamira kuu ni kwamba starehe ya mgeni imejengwa juu ya mambo asiyotakiwa kuyajua. Mtalii anafurahi kwamba mvua hainyeshi. Mwandishi anamkumbusha kuwa kisiwa kina ukame na wenyeji wanayahesabu maji. Mtalii anafurahia chakula kitamu akidhani kimetoka shambani hapohapo. Mwandishi anamwambia kuwa sehemu kubwa ya chakula hicho imeletwa kwa ndege kutoka Miami. Mtalii anayaona maji ya bahari yalivyo safi na ya samawati. Mwandishi anamuuliza kama amewahi kufikiri maji ya chooni mwake yanakwenda wapi, katika kisiwa kisichokuwa na mfumo kamili wa majitaka.

Kuna kejeli kali hapa, lakini ni kejeli yenye hoja. Mwandishi hadai kwamba kupumzika ni dhambi. Anasema kuwa kila mwenyeji wa mahali popote naye angependa kupumzika na kuyakimbia maisha yake ya kila siku. Tofauti ni kwamba wenyeji wengi wa dunia hawana nauli. Hivyo mtalii anapoyatazama maisha yao na kuyaona ya kupendeza, anaifanya dhiki ya mwenzake kuwa burudani yake. Hilo ndilo linaloumiza.

Aidha, mwandishi hawaachi wenyeji. Anaitaja shule ya mafunzo ya hoteli ambako vijana hufundishwa kuhudumu, na anashangaa kuona watu waliokomboka kutoka utumwani wakiisherehekea shule hiyo pasipo kuona uhusiano wowote baina ya mambo hayo mawili. Kwetu sisi walimu, hapo ndipo kitabu kinapoanza kutugusa. Tutaparudia.

Fani: nafsi ya pili

Sehemu ya kwanza yote imesimuliwa kwa nafsi ya pili. Mwandishi hasemi juu ya mtalii, anasema naye ana kwa ana. Kiingereza kina neno moja tu kwa mtu mmoja na kwa watu wengi. Kiswahili hakitupi nafasi ya kujificha. Ni lazima tuchague u- au m-, wewe au ninyi.

Tumewahi kuliweka swali hili mbele ya wanafunzi wa tafsiri na majibu yaligawanyika. Waliochagua ninyi walikuwa na hoja mbili. Kwanza, watu huenda likizo ya ufukweni wakiwa wawili, na zipo hoteli zilizojengwa kwa ajili ya wapenzi na wanandoa tu. Kampuni ya Sandals, iliyoanza Jamaica mwaka 1981, ilijijengea jina kwa mtindo huo. Pili, ninyi lina adabu. Kumwita mtu mzima wewe, tena mara kwa mara, ni kumvunjia heshima.

Sisi tunaunga mkono wewe, kwa sababu hiyohiyo ya pili. Ukali wa wewe ndio ukali wa Kincaid. Anataka msomaji ashtuke kama anavyoshtuka mtu aliyeitwa kwa sauti sokoni. Tena, ninyi lingewapa mume na mke pa kuegemea. Mume angedhani anaambiwa mke, na mke angedhani anaambiwa mume. Kipeperushi husema ninyi wawili, mpumzike, mfurahi, msahau kila kitu. Kincaid anawatenganisha kwa muda na kumwambia kila mmoja peke yake: wewe, tazama.

Jina la kitabu nalo lina somo lake. Tukitafsiri Mahali Padogo, upatanisho wa pa- unatuonyesha mahali mahususi panapojulikana. Hata hivyo, Kiswahili kina pa-, ku- na mu-. Mtalii aliye kwao anaota kule. Akifika anasema hapa. Mwenyeji anaishi humu, ndani ya kisiwa ambamo si rahisi kutoka. Mwalimu anayetafuta mfano hai wa ngeli za mahali hana haja ya kwenda mbali.

Fani: nani mtenda?

Tukirudi kwenye masimulizi ya kawaida ya likizo, tunaona matumizi makubwa ya kauli ya kutendwa. Chumba kilisafishwa. Taulo zilibadilishwa. Meza ilitandikwa ufukweni na chakula kikaletwa. Wanandoa ni watenda pale tu wanapokula, wanapoogelea na wanapolala. Kazi nyingine zote zimefanywa na kiambishi -w-.

Kisarufi sentensi hizo hazina kosa. Kihakiki zina pengo. Alisafisha nani? Aliamka saa ngapi, na alifika kazini kwa gari gani? Kincaid anaweka watu na vyanzo mahali palipokuwa na pengo. Dereva wa teksi anatajwa, pamoja na gari lake jipya la Kijapani na mkopo wa benki uliomwezesha kulinunua, pamoja na biashara ya magari wanayofaidika nayo wakubwa serikalini. Tunashauri zoezi hili darasani: wanafunzi wapewe aya ya kipeperushi cha hoteli, kisha waigeuze kila kauli ya kutendwa iwe ya kutenda na watafute mtenda. Watajifunza sarufi na uhakiki kwa pamoja.

Mgeni na mtalii

Lugha yetu inatofautisha mambo ambayo kipeperushi huyachanganya. Hoteli humwita mteja wake mgeni. Lakini mgeni katika Kiswahili ana haki na ana wajibu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanandoa wetu wanakaa siku saba na hakuna anayewapa jembe, kwani wamelipa ili jembe lishikwe na mwingine. Katika kisiwa kilicholimwa miwa kwa karne mbili chini ya mjeledi, jembe si tamathali tu.

Methali nyingine inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa swali la Kincaid linakuwa zito: je, mwenyeji anapona? Katika hoteli ambazo mteja hulipia kila kitu kabla ya kusafiri, fedha nyingi hubaki kwa mashirika ya ndege na mawakala wa huko alikotoka. Mteja hana sababu ya kutoka getini kwenda kula kwa mama muuza samaki, maana samaki wake ameshamlipia.

Neno mtalii nalo lisipuuzwe. Kutalii katika maana yake ya zamani ni kuchunguza, kusoma jambo kwa makini. Kwa maana hiyo, mtu anayelala ufukweni siku saba bila kuuliza lolote hajatalii bado. Anayeisoma A Small Place akiwa nyumbani kwake ametalii zaidi yake.

Upungufu

Pamoja na sifa hizo, kitabu kina upungufu. Kwanza, mtalii wake hajibu. Ni mzungu, mnene wa mwili na mvivu wa mawazo, na mwandishi hampi nafasi ya kuwa mtu mwenye sababu zake. Mume na mke waliokaa mwaka mzima wakipishana mlangoni, mmoja akienda kazini usiku na mwingine mchana, wana haki ya kukaa pamoja mchangani bila kusema neno. Uhakiki unaoidharau furaha hiyo ndogo unapoteza wasomaji wanaohitaji kuguswa.

Pili, mfanyakazi wa hoteli naye hasemi. Tunamwona, tunamhurumia, lakini hatumsikii. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, fukwe za Karibi zilibaki tupu na maelfu ya wafanyakazi wakakaa nyumbani bila mshahara. Mpishi aliyekosa kazi mwaka huo angekuwa na neno la kumwambia Kincaid, na huenda lisingekuwa neno la kumshukuru.

Tatu, si kila mtalii anayekwenda Karibi ni mzungu. Hapa inafaa kulinganisha na Praisesong for the Widow, riwaya ya Paule Marshall ya mwaka 1983. Avey Johnson, mjane Mmarekani mweusi, anaiacha meli ya kifahari, anashuka Grenada, na hatimaye anavuka kwenda kisiwa kidogo cha Carriacou. Huko wenyeji wanacheza ngoma za mataifa ya Kiafrika walikotoka wazee wao, na kila mtu anaulizwa yeye ni wa taifa gani. Avey aliondoka kwake akiwa mtalii, akawa mgeni, akaishia kuwa ndugu. Marshall anatuonyesha mlango ambao Kincaid, kwa hasira yake ya haki, hakuufungua. Vitabu hivi viwili vifundishwe pamoja.

Sisi na shule ya hoteli

Kwa nini walimu wa Kiswahili hapa Uganda, nchi isiyo na bahari, washughulike na kisiwa cha mbali? Kwa sababu idara nyingi za lugha katika kanda yetu zinaombwa kuandaa kozi za Kiswahili cha utalii, na wanafunzi wetu wengi wanatafuta riziki katika hoteli na mbuga. Ni kazi halali na tunawatakia kheri. Lakini tunawapa lugha gani? Tukiwafundisha karibu, asante, samahani na hakuna shida, kisha tukaishia hapo, tumewapa lugha ya kujibu tu. Hawana lugha ya kuuliza, ya kukataa kwa adabu, ya kueleza historia ya mahali, wala ya kusoma mkataba wa kazi. Kincaid anapoishangaa shule ya hoteli ya Antigua hamlaumu kijana anayebeba trei. Anawauliza walioandaa mtaala. Hao ni watu kama sisi.

Tunapendekeza basi kwamba kila kozi ya aina hiyo iwe na sehemu ya historia na ya uhakiki wa matini, na kwamba mwanafunzi afundishwe kusimulia mahali pake kwa kauli ya kutenda.

Hitimisho

Kincaid anahitimisha kwa wazo kwamba bwana akiacha ubwana, na mtumwa akiacha utumwa, wote wawili wanabaki binadamu wa kawaida, wasio na utukufu wa pekee. Wazo hilo halimfukuzi mtu ufukweni. Linamtaka mume na mke waliolala mchangani wajue jina la anayewaletea maji, na linamtaka anayeleta maji awe na siku yake ya kulala mchangani. Kitabu ni kifupi, lugha yake si ngumu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukimaliza kwa siku mbili. Siku ya tatu, mwalimu ampe jembe: atafsiri ukurasa mmoja, na achague kati ya wewe na ninyi.