Lango la Nikko na Mgema Asiyesifiwa

Lango la Yomeimon, katika hekalu la Toshogu huko Nikko, Japani, lina sifa nyingi na lawama nyingi vilevile. Lilijengwa upya mwaka 1636, nalo lina nakshi zaidi ya 500: madragoni, watoto, wenye hekima na maua, vyote vimepakwa rangi na dhahabu. Msanifu majengo Mjerumani Bruno Taut, aliyefika Japani mwaka 1933, hakupendezwa na fahari hiyo. Alilisifu kasri la Katsura kwa usahili wake. Nami nakiri kwamba jicho huchoka mbele ya lango lile, kama sikio lichokavyo kwa msemaji asiyejua kutua.

Lakini hukumu ya Taut ni ya jicho tu. Haiulizi kazi ile hudumuje. Laka na rangi hazistahimili mvua na theluji milele. Hapana budi zifanywe upya. Matengenezo makubwa ya karibuni ya lango yalikamilika mwaka 2017. Kwa hiyo wingi ule wa nakshi ni darasa. Mchongaji, mpaka laka na mbandikaji dhahabu, kila mmoja hulazimika kuwa na mwanafunzi. Sisi tuliofundisha walimu twajua kwamba ufundi hauhifadhiwi kabatini, bali mkononi mwa anayejifunza.

Kasoro ninayoiona mimi iko kwingine. Laka ni utomvu wa mti uitwao urushi, nao hugemwa kwa kuchanja gome. Mti hutunzwa zaidi ya miaka 10, hutoa takriban mililita 200 katika msimu mmoja, yaani kikombe kimoja, kisha hukatwa. Kwa miaka mingi Wajapani walitegemea laka rahisi ya China, na wagema wao wakapungua. Ndipo mwaka 2015 serikali ikaagiza majengo yake ya thamani yatumie laka ya nchini. Mwaka 2020 UNESCO ikauorodhesha ufundi wa kuhifadhi majengo ya mbao ya Japani, utayarishaji wa laka ukiwemo.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wa urushi hakusifiwa kabisa, nusura kibuyu kikauke. Atakayelihukumu lango la Nikko, basi, asihesabu nakshi peke yake. Ahesabu pia miche iliyopandwa, na vijana waliokubali kuja kuigema.