Asilimia 75 ya nini? Lugha ya habari za chanjo ya malaria inavyowapotosha wazazi

LIKIZO ya Desemba iliyopita nilikuwa Mbita, Kaunti ya Homa Bay, nikinunua samaki kwa mama mmoja ambaye tumezoeana kwa miaka mingi. Redio iliyokuwa kibandani mwake ilikuwa ikisoma habari za saa saba. Mtangazaji akasema kwamba chanjo ya malaria "ina ufanisi wa asilimia 75" na kwamba wanasayansi sasa wana silaha dhidi ya "virusi vya malaria". Yule mama akaacha kuparua magamba, akaniangalia.

"Mwalimu, si umesikia? Malaria imepata dawa. Sasa mimi nisumbuke na neti ya nini na joto hili?"

Nikamuuliza iwapo kitinda mimba wake amemaliza chanjo hiyo.

"Alidungwa mara tatu. Waliniambia nirudi akifika miaka miwili. Lakini kwani asilimia hizo zote hazitoshi?"

Mpenzi msomaji, mama huyu hakukosea. Alikisikiliza Kiswahili alichopewa na akakielewa kama kilivyosemwa. Waliokosea ni wale waliomwandalia habari hiyo, na hapo najihesabu pia, kwa sababu nitakazozieleza baadaye. Dai langu katika makala haya ni kwamba habari zetu za utafiti wa kiafya hupotoka kwa kuchagua maneno vibaya, hata pale mwandishi anapokuwa na takwimu sahihi mkononi. Nitatumia chanjo ya malaria kuwa mfano kwa sababu kosa lake linaweza kumgharimu mtoto.

Chanjo mbili, jina moja

Kosa la kwanza ni kusema "chanjo ya malaria" kana kwamba ni moja. Zipo mbili zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Ya kwanza ni RTS,S, iliyopendekezwa Oktoba 2021. Ya pili ni R21/Matrix-M ya Chuo Kikuu cha Oxford na Serum Institute ya India, iliyopendekezwa Oktoba 2023.

Chanjo iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019, ikawafikia watoto wa kaunti za eneo la ziwa na Magharibi, ni RTS,S. Ile asilimia 75 iliyosomwa redioni ni ya R21. Yaani mama wa Mbita alisomewa matokeo ya chanjo ambayo siyo aliyokwenda kuitafuta kliniki mwaka 2019 wala siyo iliyojengewa sifa na watoto wa jirani zake.

Hata kwa R21 yenyewe, nambari hiyo ilikatwa kichwa na miguu. Utafiti wake wa awamu ya tatu, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2024, ulifanyika Burkina Faso, Mali, Tanzania na Kenya. Asilimia 75 ilipatikana katika maeneo ambamo malaria huja kwa msimu, na watoto wakachanjwa kabla ya msimu huo kuanza. Katika maeneo ambamo malaria huwapo mwaka mzima, Kilifi na Bagamoyo zikiwemo, ilikuwa asilimia 68. Zote mbili zilipimwa kwa kipindi cha miezi 12. Mhariri wa Nairobi akachukua nambari kubwa ya Sahel, akaacha nambari ya pwani yetu wenyewe, kisha akaufuta mwaka.

Asilimia ni ulinganisho

Kosa la pili limo katika neno "ufanisi" lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku, ufanisi ni kufaulu au kufanya kazi vizuri. Mwanafunzi akifanikiwa kwa asilimia 75, anabakiwa na 25 alizokosa. Kwa hivyo msikilizaji akiambiwa chanjo ina ufanisi wa asilimia 75, atafikiri kwamba katika kila watoto 100 waliochanjwa, 75 hawatapata malaria kamwe na 25 wataugua. Sivyo kabisa.

Asilimia hiyo hulinganisha makundi mawili. Wacha nitoe mfano wa kubuni. Chukua watoto 1,000 wasiochanjwa. Tuseme 200 kati yao wanaugua malaria katika mwaka mmoja. Chukua wengine 1,000 waliochanjwa, wanaoishi mazingira yale yale, na tuseme waliougua ni 50. Wagonjwa wamepungua kutoka 200 hadi 50, yaani wamepungua kwa 150, na 150 ni asilimia 75 ya 200. Hapo waliochanjwa na bado wakaugua ni 50 kati ya 1,000, si 250 kama msikilizaji anavyodhani.

Tazama basi jinsi sentensi moja inavyozaa makosa mawili yanayopingana. Mwenye shaka husema, "Kwani mtoto mmoja kati ya wanne ataugua? Chanjo gani hiyo?" Mwenye imani husema, "Mwanangu yumo katika wale 75, nitupe neti." Wote wawili wamesikia habari ile ile, na wote wawili wamepotea.

Kwa upande wa RTS,S, matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 7 za Afrika kati ya 2009 na 2014, Kilifi, Siaya na Kombewa zikiwemo, yanaelezeka bila asilimia hata moja: kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na wakapata dozi zote nne, takribani visa 4 kati ya kila 10 vya malaria vilizuiwa katika muda wa miaka 4. Nasema "visa" na sikusema "watoto", maana mtoto mmoja wa eneo la ziwa huweza kuugua mara tatu kwa mwaka. Tena wengi wa watoto hao walikuwa wakilala ndani ya vyandarua vyenye dawa. Faida ya chanjo ilipimwa juu ya faida ya chandarua. Ukiondoa chandarua, hiyo si hesabu ile tena.

Asije mtu akadhani kwamba ninaidharau chanjo. Katika mpango wa majaribio ulioendeshwa Kenya, Ghana na Malawi kuanzia 2019, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13, bila kuhesabu vile vya majeraha. Hao ni watoto wengi walio hai leo. Ni kwa sababu chanjo inafaa ndiyo maana nataka ielezwe inavyostahili.

Kiambishi kidogo, kosa kubwa

Sasa nikiri langu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri kijikaratasi cha kliniki moja. Nikaandika kwa mbwembwe: "Chanjo hii huzuia malaria." Sentensi fupi, safi, sarufi haina doa. Ni baadaye nilipotambua nilichokuwa nimefanya.

Kiambishi HU- katika Kiswahili hubeba mazoea na ukweli wa kudumu. Jua huchomoza mashariki. Maji hufuata mkondo. Kuandika "huzuia" ni kuiweka chanjo katika safu hiyo. Utafiti wenyewe husema "ilizuia": wakati fulani, mahali fulani, kwa watoto wa umri fulani, kwa muda fulani. Kiambishi LI kingelinda ukweli huo bila kuongeza hata neno moja. Tena kitenzi "zuia" kikiachwa peke yake huashiria kufunga njia kabisa, kama ukuta. "Ilipunguza" ndilo neno lililostahili.

Nilimweleza yule mama haya pale kibandani, bila viambishi bila shaka. Akafikiri kidogo, akasema: "Kumbe ni kama mwavuli. Mvua ya upepo ikija, miguu inaloa tu." Naam. Msemo huo ulinitia haya, maana katika kijikaratasi changu chote hapakuwa na sentensi iliyoeleweka kama hiyo.

Virusi au vimelea?

Kosa la tatu ni "virusi vya malaria", ambalo sasa nalisikia karibu kila mwezi hewani. Malaria haisababishwi na virusi. Husababishwa na kimelea, na Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno linalojieleza. Kitenzi "mea" kikiwa katika kauli ya kutendea huwa "melea", yaani kumea juu ya kitu kingine. Kimelea basi ni kiumbe kinachoishi kwa kumtegemea kiumbe mwingine. Ni neno linalofundisha biolojia kwa silabi nne tu.

Kwa nini tofauti hiyo ina uzito? Kwa sababu mzazi anayajua magonjwa ya virusi. Surua ni ya virusi, na mtoto akikamilisha chanjo yake, mama husahau. Ukimwambia malaria ni virusi, unamkaribisha atarajie vivyo hivyo. Kimelea cha malaria kina mambo mengi zaidi: kinaingizwa mwilini na mbu, kinakimbilia ini na kuzaana humo, kisha kinatoka na kuvamia chembe nyekundu za damu, na hapo ndipo homa inapoanza. Chanjo hizi mbili hulenga hatua ya kwanza, kabla kimelea hakijatulia katika ini. Vikiponyoka vichache, ugonjwa huweza kuanza. Nguvu ya kinga nayo hushuka kadiri miezi inavyopita, na ndiyo sababu ya dozi ya nne, ile ambayo wazazi wengi huikosa kwa kuwa huja zaidi ya mwaka mmoja baada ya ya tatu. Anayeelewa haya haulizi kwa nini arudi kliniki.

Nani alijaribiwa?

La nne ni sentensi ya aina hii: "Watoto wa Kilifi walijaribiwa chanjo." Kisarufi, mtoto ndiye anayejaribiwa hapo. Hali kilichojaribiwa ni chanjo. Aidha, neno "jaribu" lina jirani mzito: majaribu, mitihani anayoletewa mja. Katika pwani ambako hadithi za mumiani, wanyonya damu wanaoiuza, zimesimuliwa kwa vizazi, sentensi kama hiyo inapokutana na habari ya kutolewa damu maabarani, mtangazaji asishangae watu wakifunga milango.

Ingemgharimu nini kusema "Watoto wa Kilifi walishiriki katika utafiti wa chanjo baada ya wazazi wao kuridhia"? Sekunde tatu zaidi. Neno "kuridhia" hapo si pambo. Bila ridhaa ya mzazi utafiti huo haungefanyika, na msikilizaji ana haki ya kulijua hilo.

Tumewahi kufaulu

Kuna watakaonijibu kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha, au kwamba msikilizaji hataki hesabu. La kwanza si kweli. Neno UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, lilieleza sayansi nzima ndani ya kifupisho kimoja, na leo hata mtoto wa shule anajua kwamba ugonjwa huo hushambulia kinga. Wakati wa Korona, Tanzania ikaunda UVIKO-19, na neno barakoa, lililokuwa jina la kitambaa cha wanawake cha kufunika uso, likafufuliwa na vyombo vya habari na kuenea hadi vijijini. Hakuna aliyelalamika kwamba ni gumu. Maneno huenea yakitumiwa kila siku na watu wanaosikilizwa.

Hili la pili lina chembe ya ukweli. Najua mwandishi wa habari hupewa sekunde 40 na taarifa ya kurasa nne kwa Kiingereza. Simlaumu kwa kukosa muda. Namlaumu kwa kuutumia muda huo mdogo kusoma nambari isiyo na mwenyewe. Asilimia isiyosema ni ya chanjo ipi, dhidi ya nini, kwa nani na kwa muda gani ni kelele tu.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyumba vya habari viachane na "ina ufanisi wa asilimia" na kutumia "visa vilipungua", pamoja na muda na mahali. Pili, walimu wa tafsiri vyuoni, mimi nikiwa mmoja wao, tuwape wanafunzi taarifa za utafiti wa kiafya kuwa zoezi la kawaida, badala ya kuzungukia mashairi na hotuba za kisiasa pekee. Tatu, watafiti wanaofanya kazi humu nchini waandae muhtasari wa Kiswahili wao wenyewe na kuusoma mbele ya wazazi walioshiriki kabla ya kuupeleka kwa wanahabari.

Nikimaliza, hii hapa sentensi ambayo ningependa redio ile ya Mbita iwe imesoma: "Mtoto akipata dozi zote nne za chanjo ya RTS,S, visa vya malaria hupungua, utafiti wa miaka minne ulionyesha takribani visa 4 kati ya 10 vilizuiwa, watoto wakiendelea kulala ndani ya chandarua." Msomaji makini ataniona nimerudia HU- katika "hupungua". Nimeiacha makusudi, kwa kuwa utafiti zaidi ya mmoja umethibitisha kwamba chanjo hupunguza. Kiasi ndicho nilichokiwekea LI.

Isome kwa sauti. Inachukua kama sekunde 15. Mtoto wa yule mama atatimiza miaka miwili mwezi Mei, na ameniahidi kwamba kadi ya kliniki imerudishwa mahali pake, juu ya kabati.