Toba Isiyofika: Kuisoma Riwaya ya William Golding kwa Macho ya Kilutheri

Utangulizi

Mhubiri anayetafuta mfano wa dhambi ya asili, kama alipata kusoma riwaya za Kiingereza, hukumbuka upesi Lord of the Flies, yaani Bwana wa Nzi, ya William Golding, iliyochapishwa mwaka 1954. Mfano huo unaonekana uko tayari kwa kutumiwa. Wavulana wa Kiingereza, wakubwa wao wakiwa na miaka kama 12 na wadogo kama 6, wanaanguka na ndege katika kisiwa kisichokaliwa na watu, wakati ulimwengu uko vitani. Hakuna mtu mzima aliyesalimika. Mwanzoni wanafanya mkutano, wanamchagua kiongozi na kuweka kanuni. Mwishoni wanamwinda mwenzao kwa mikuki na moto. Basi mhubiri hufunga kitabu na kuuambia usharika: mwaona, ndivyo mwanadamu alivyo tangu utoto.

Makala hii haikusudii kuyakanusha mafundisho ya Kanisa juu ya dhambi ya asili. Inakusudia kuuliza kama ni haki kuitwisha riwaya hii mzigo wa kuyathibitisha. Hoja yetu ni kwamba riwaya haiwezi kufanya kazi hiyo, wala Kanisa halikuiomba iifanye. Thamani yake iko mahali ambapo wengi wetu hupapita kwa haraka: inatuchorea jumuiya ambamo hakuna awezaye kuungama, na kwa hiyo hakuna awezaye kusamehewa.

Mwandishi na kitabu alichokijibu

Golding alizaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 1993. Alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana mjini Salisbury, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika jeshi la majini la Uingereza, akashiriki katika uvamizi wa Normandy mwaka 1944. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba vita ile ilimwondolea imani aliyokuwa nayo kwamba mwanadamu aweza kukamilishwa kwa kuipanga jamii vizuri. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Riwaya yake ni jibu kwa kitabu kingine, The Coral Island cha R. M. Ballantyne, kilichotolewa mwaka 1857. Humo vijana watatu wa Kiingereza wanaachwa katika kisiwa cha Pasifiki, nao wanaishi kwa furaha, adabu na uchaji. Uovu uko, lakini unatoka nje: kwa maharamia, na kwa wenyeji wala watu ambao hatimaye wanaokolewa na wamisionari. Golding alichukua majina mawili kutoka kitabu hicho, Ralph na Jack, akaugeuza mpango mzima. Katika kisiwa chake hakuna mwenyeji wa kulaumiwa. Uovu uliopo ulishuka pamoja na abiria.

Neno lenye historia

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuisoma riwaya hii bila kukutana na neno ‘ushenzi’, na neno hilo lina historia kwetu. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara. Baadaye nasi tulioupokea Ukristo tulilitumia kwa jamaa zetu ambao hawakubatizwa. Kwa hiyo tuna sababu ya kuwa waangalifu tunaposema kwamba watoto wale ‘walishuka katika ushenzi’. Walishuka kutoka wapi, na kwenda kwa nani?

Golding mwenyewe anasema kwa sauti mbili. Kwa upande mmoja anakejeli majivuno ya taifa lake. Mapema katika riwaya ni Jack anayetangaza kwamba wao si washenzi bali ni Waingereza, na ni Jack huyo huyo atakayeongoza mauaji. Mwishoni anafika ofisa wa manowari, mwenye sare nyeupe na bastola kiunoni, akishangaa kwamba watoto wa Kiingereza hawakufanya vizuri zaidi. Naye yuko njiani kuwawinda watu wengine kwa meli ya vita. Hapo kejeli inakata kotekote.

Lakini kwa upande mwingine, kila uovu unapozidi, mwandishi huwavua watoto nguo, huwapaka rangi usoni, huwapa mikuki na ngoma, na kundi lao huliita kabila. Picha hizo amezikopa katika ghala lile lile la Ballantyne. Msomaji asiyeangalia atadhani kwamba dhambi ni kurudi nyuma kutoka katika ustaarabu, na kwamba sare safi ni kinga. Theolojia haina budi kuikataa sauti hii ya pili. Rangi ya uso si dhambi, wala ngoma si dhambi. Bomu lililowafanya watoto hao wahamishwe kwao lilirushwa na watu waliovaa vizuri.

Hofu, sanamu na kwaya

Basi anguko lenyewe ni la namna gani? Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha pili, halianzi na matendo ya ukatili. Lasema kwamba wanadamu huzaliwa bila kumcha Mungu, bila kumtumaini, na wakiwa na tamaa mbaya. Tukiisoma riwaya kwa kipimo hicho, tutaona kwamba mambo hayaanzi na damu. Yanaanza na hofu isiyo na mahali pa kwenda. Usiku watoto wadogo wanalia. Mmoja anasema ameona mnyama wa kutisha. Viongozi wanakanusha, kisha wanaogopa wao wenyewe. Hofu hiyo inatafuta bwana. Jack anajitoa kuwa mwindaji wa yule mnyama, na kwa njia hiyo anapata utawala ambao hakuupata kwa kura. Hatimaye wawindaji wanachomeka kichwa cha nguruwe juu ya mti na kumwachia mnyama kama sadaka.

Hicho kichwa, kilichozungukwa na nzi, ndicho kinachokipa kitabu jina. Wasomaji wetu watamkumbuka Baal-zebubu, mungu wa Ekroni, katika 2 Wafalme 1, na yule mkuu wa pepo katika Mathayo 12. Luther, akiieleza amri ya kwanza katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba kile ambacho moyo unakitegemea ndicho kilicho mungu wa mtu kwa kweli. Watoto hawa hawakumkana Mungu kwa maneno. Walikuwa na hofu, wakaipa hofu hiyo madhabahu.

Jambo la kutuumiza sisi watumishi wa Kanisa ni kwamba walioisimamisha madhabahu hiyo walikuwa wanakwaya. Tunapowaona kwa mara ya kwanza wanatembea ufuoni kwa mstari, wamevaa majoho meusi yenye msalaba wa rangi ya fedha kifuani, na Jack ndiye kiongozi wao. Majoho yanavuliwa upesi kwa sababu ya joto, na msalaba unakwenda pamoja nayo. Walijifunza kupanga sauti na kumtii kiongozi, na utii huo Jack aliubadilisha kuwa uwindaji bila taabu kubwa. Lakini kisiwani hatuwaoni wakikusanyika kwa sala, wala hofu ya usiku haikutani na zaburi hata moja. Kila mchungaji mwenye kwaya ya vijana angepaswa kusimama kidogo hapo.

Asubuhi baada ya mauaji

Sasa tufike kwenye kiini. Simon ni mtoto mpole na mgonjwa, ambaye katika mkutano alijaribu kusema kwamba huenda mnyama ni wao wenyewe, wakamcheka. Baadaye anapanda mlimani peke yake na kugundua kwamba ‘mnyama’ ni maiti ya askari wa anga, bado imefungwa kwenye mwavuli wake, ikiinuliwa na kulazwa na upepo. Anashuka gizani, katika mvua na radi, kuwaletea wenzake habari ya kuwaweka huru. Anawakuta katika duara la ngoma yao, wanamfikiria kuwa mnyama, wanamwua. Ralph na Piggy, wale wema wa hadithi, walikuwamo.

Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini sura inayofuata ndiyo yenye uzito zaidi kwa theolojia yetu. Asubuhi Ralph anayasema yaliyotendeka kwa jina lake: ni uuaji. Hilo ni neno la kwanza la ungamo, na katika kisiwa kizima limetamkwa na mtoto mmoja kwa mtoto mmoja. Piggy hawezi kulistahimili. Kulikuwa na giza, asema, ilikuwa ajali, tena wao walikuwa pembeni tu. Wanakuja mapacha Sam na Eric, nao wanadai kwamba waliondoka mapema kwa sababu ya uchovu. Wote wanne wanajua, na wote wanne wanakubaliana kutojua. Kwa upande mwingine wa kisiwa Jack naye ana maelezo yake: aliyekuja alikuwa mnyama aliyejigeuza sura, naye hakufa, aweza kurudi tena. Hapa wanasema ajali, kule wanasema mnyama, na njia zote mbili zinafika mahali pamoja, yaani kwenye majani ya mtini ya Mwanzo 3.

Hata pale ambapo msamaha unaombwa, hauendi popote. Jack alipouacha moto wa ishara uzimike, meli ikapita mbali bila kuwaona. Alimwomba Ralph radhi kwa sauti, mbele ya watu, wawindaji wakamsifu kwa ukarimu wake. Lakini Piggy, ambaye Jack alikuwa amempiga na kuivunja miwani yake, hakuambiwa neno. Na Ralph, kwa hasira, hakuweza kuipokea radhi ile. Kuomba radhi kukawa silaha ya kujipatia heshima. Baada ya hapo ufa hauzibiki tena: Simon anakufa, Piggy anaangushiwa jabali na Roger, na Ralph anawindwa.

Kisiwa kingine

Tangu mwaka 2020, Rutger Bregman, mwandishi wa Kiholanzi, alipokisimulia kwa upana kisa cha watoto wa Tonga, wengi wamekitumia kumjibu Golding. Mwezi Juni 1965 wavulana sita wa miaka 13 hadi 16 walitoroka shule ya bweni huko Nuku'alofa kwa mashua waliyoichukua bila ruhusa ya mwenyewe. Dhoruba iliwapeleka, wakaelea siku 8, wakafika kisiwa cha 'Ata. Walikaa huko miezi kama 15, mpaka nahodha Mwaustralia, Peter Warner, alipowakuta Septemba 1966. Walikuwa wazima. Walilima, waliulinda moto usizimike, na mmoja alipovunjika mguu wenzake waliufunga ukapona. Siku waliianza na kuimaliza kwa wimbo na sala.

Je, kisa hiki kinakanusha dhambi ya asili? Hapana, kama vile riwaya haiithibitishi. Luther aliandika katika Vifungu vya Schmalkalden, vya mwaka 1537, kwamba uharibifu huu ni wa kina kiasi kwamba akili ya mtu haiujui; huaminiwa kwa ufunuo wa Maandiko. Kwa hiyo imani yetu haisimami kwa Golding wala haianguki kwa Bregman. Tena watoto wa 'Ata hawakuwa malaika: waliiba mashua, na waligombana. Lakini walipogombana walikuwa na desturi: wagomvi walitengana, kila mmoja akaenda upande wake mpaka hasira ipoe, kisha wakarudishwa pamoja waombane radhi. Tofauti kubwa tunayoiona kati ya visiwa viwili iko hapo. Dhambi ilikuwako kotekote. Njia ya kurudiana ilikuwako kwenye kimoja tu.

Isisahaulike pia kwamba 'Ata ilikuwa tupu kwa sababu mwaka 1863 meli ya watekaji watu iliwachukua wengi wa wenyeji wake, na waliosalia wakahamishwa. Watoto walikula kuku na mazao yaliyoachwa na watu hao. Ushenzi ulifika Pasifiki kwa meli yenye nahodha na hesabu za biashara.

Hitimisho

Riwaya inakwisha kwa machozi. Ralph anamlilia Piggy, analilia giza la moyo wa mwanadamu, na kumalizika kwa utoto usio na hatia. Hapo Kanisa linalobatiza watoto wachanga lina swali. Hatuwabatizi kwa kuwa hawana hatia, bali kwa kuwa wanahitaji neema kama sisi. Na Bwana aliwakaribisha kwa sababu wanapokea, si kwa sababu ni safi. Kilichopotea kisiwani hakikuwa usafi, kwa maana Roger alikwisha kumrushia mtoto mdogo mawe tangu siku za mwanzo, akikosea kwa makusudi kwa sababu tu bado aliogopa adhabu ya nyumbani. Ralph ana jambo jingine la kulilia: yeye naye alikuwamo katika duara. Alilisema mara moja, hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo tusikitumie kitabu hiki kama fimbo ya kuwachapia watoto wa Shule ya Jumapili, tukiwaambia kwamba bila sisi wangekuwa wanyama. Kitabu kinatuhukumu sisi tuliowavika majoho, tukawafundisha sauti nne, na pengine hatukuwafundisha sehemu mbili za ungamo zilizo katika Katekisimo Ndogo: kuungama, na kupokea maondoleo kama kutoka kwa Mungu mwenyewe. Golding ameihubiri Sheria kwa uaminifu mkubwa, wala hakuahidi zaidi. Neno ambalo Ralph alilikosa asubuhi ile, sisi tumekabidhiwa. Ni deni letu kulitamka, na kuwafundisha watoto kutamkiana kabla hawajafika kisiwani.