Hukumu ya Nairobi juu ya Diploma Moja

Wandugu waseminari, na ninyi wakatekista, tusome hukumu kwanza, ndipo tuihukumu. Hapa Ariwara habari za Uganda na za Kenya zinafika sokoni pamoja na mizigo, na mara nyingi zinafika zimevunjika. Watu wanasema ya kama tribinali ya Nairobi iligeuza mwanamume kuwa mwanamuke. Sivyo.

Tarehe 7 Oktoba 2014 jaji Weldon Korir aliamuru Baraza la Mitihani la Kenya lichukue tena diploma ya sekondari ya Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani mwaka 2001 kwa jina la kiume, na kumupa ingine yenye jina lake jipya, isiyo na alama ya mume wala muke. Basi. Jaji hakueleza mwanamuke ni nini. Aliuliza jambo dogo: sheria ya mitihani inadai alama ile? Haidai. Ikiondolewa, maksi za hesabu zinapunguka? Hazipunguki. Hapo naona uzuri wa kazi yake, maana mutu mwenye diploma isiyofanana na uso wake anarudishwa mulangoni pa kazi, na njaa haingoji wenye elimu wapatane.

Lakini musingi mumoja ni zaifu. Ombi lilileta neno la waganga, kwamba mutu huyu ana ugonjwa juu ya kujitambua kwake kuwa mume ao muke. Na waganga wenyewe wamehama! Wale wa akili wa Marekani waliacha jina hilo mwaka 2013: walitazama mateso ya mutu, si hali yenyewe. Shirika la Afya la Ulimwengu, katika orodha iliyoanza kutumika 2022, likaiondoa hali hiyo kati ya magonjwa ya akili. Sasa mwombaji wa kesho ataleta karatasi gani? Heshima ya kila mutu imo katika katiba ya Kenya. Jaji aliitaja, angejenga juu yake zaidi.

Nasi mapadri tuna shida yetu. Dignitas infinita, ya mwaka 2024, inakataa mutu kugeuza jinsia yake. Mimi pia nashika hivyo. Lakini mwaka 2023 Roma ilijibu ya kama mutu wa namna hiyo aweza kubatizwa kama wengine, pasipo hatari ya makwazo. Ataandikwa kwa jina gani katika kitabu cha ubatizo? Jibu lile halikusema. Namwomba profesa wetu wa sheria ya Eklezia atuandikie katika namba ifuatayo.