Sifa ya Fundi wa Lampi

Katika komini ya Kikula, mjini Likasi, yupo mzee mmoja ambaye hata leo hutengeneza vikuza sauti vya lampi, zile taa ndogo za kioo zilizokuwa roho ya kila redio kabla ya transista kuenea. Na mwenye bahati ya kumtazama kazini ataona kwanza kwamba mkono wake wa kushoto haugusi chochote. Ameuweka mgongoni, kwa kuwa ndani ya kikuza sauti umeme hupanda hata volti 250, na mkono mmoja ukiteleza ilhali wa pili umeshika chuma, umeme hupita kifuani penye moyo. Adabu hiyo alifunzwa na fundi aliyemtangulia. Kisha hutwaa kalamu ya risasi, akaigonga lampi moja moja kwa ncha ya mti, taratibu, sikio limeelekea spika: iliyo nzima hujibu kwa kishindo hafifu kinachokoma papo hapo, na iliyolegea ndani huvuma kama kengele, naye huing'oa pasina kusema neno.

Transista isidhulumiwe haki yake. Tangu ilipozuliwa katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1947, imethibitisha kwamba haihitaji kupashwa moto, mvumo wake ni mdogo, bei yake nafuu. Na katika mji kama wetu, ambako umeme hukatika na kurudi kwa ghadhabu, hustahimili kuliko uzi mwembamba wa lampi. Kwa vipimo, imeshinda. Lakini sindano ya santuri hutoa milivolti chache tu, nazo sharti zikuzwe zaidi ya mara mia kabla ya kufika kwenye mashine kubwa, na lolote litakaloongezwa au kupunguzwa hapo mwanzoni, msikilizaji atalisikia hadi mwisho. Transista ikizidiwa huikata sauti ghafula; lampi huikunja polepole, na juu ya kila noti huongeza kivuli cha noti hiyo hiyo katika daraja ya juu. Wapimaji huiita kasoro. Mimi nasikiliza gitaa, na siioni kasoro hiyo.

Nasema gitaa kwa sababu maalumu. Mwaka 1952, mji huu ungali ukiitwa Jadotville, mrekodi wa muziki Hugh Tracey alimkuta hapa mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, akamrekodi akipiga "Masanga". Mitambo ya kurekodi ya zama hizo yote ilikuwa ya lampi. Basi vidole vya Mwenda viliingia katika santuri kwa mlango huo, na kwa mlango huo ndipo, nionavyo, vinapotoka kwa heshima, besi ya dole gumba na sauti nyembamba ya kidole cha shahada zikifuatana pasipo kugongana.

Lampi za aina ya ECC83 hata sasa zatengenezwa Urusi na Slovakia, na mwenye fedha ataagiza. Atakayezichagua kwa sikio ndiye asiyepatikana. Vijana hupita mlangoni kwa mzee wamebeba spika za masanduku ya plastiki yaliyofungwa kwa gundi, yasiyofunguliwa wala kutengenezwa, yakiharibika hutupwa jalalani pamoja na shaba iliyomo ndani, hapa Katanga, penye watu waliozeeka wakiichimba na kuiyeyusha. Mzee hana mwanafunzi. Nilipomwuliza kwa nini hapandishi malipo, ambayo ni haba mno, alinijibu, "Papa, nikipandisha, watavitupa vyombo vyenyewe."