Kesi Iliyojengwa kwa Majalada 709

Anayeketi kutazama filamu ya Argentina, 1985 huwa anaujua mwisho wake. Majenerali watafikishwa mahakamani, na Jorge Rafael Videla atahukumiwa kifungo cha maisha. Historia imekwisha kuyaandika hayo. Hata hivyo, kwa saa mbili na dakika ishirini mtazamaji anakaa roho mkononi, na wanaomshikilia hivyo ni watu wenye suti wakifungua makasha ya karatasi. Santiago Mitre, aliyeiongoza filamu hiyo, na Mariano Llinás, aliyeiandika pamoja naye, wamefanya jambo gumu kuliko yote katika hadithi za mahakamani: wameitoa taharuki ndani ya majalada.

Napenda kuitazama kazi hiyo kwa utulivu, hatua kwa hatua, kwa sababu ina mafundi wa zama mbili. Wapo walioitengeneza filamu mwaka 2022, na wapo walioitengeneza kesi yenyewe mwaka 1985. Ustadi wa hawa wa kwanza umetokana na kuuheshimu ustadi wa hawa wa pili.

Jeshi la Argentina lilitwaa madaraka tarehe 24 Machi 1976, mapinduzi ya sita katika karne hiyo. Kwa miaka saba watu walichukuliwa majumbani usiku, wakafungwa vitambaa machoni, wakapelekwa katika vizuizi vya siri, na maelfu hawakuonekana tena. Baada ya jeshi kushindwa vita vya visiwa vya Malvinas mwaka 1982, utawala wake uliporomoka, na Raúl Alfonsín akaapishwa kuwa rais tarehe 10 Desemba 1983. Siku chache baadaye aliagiza wakuu tisa wa majeshi washtakiwe. Tume iliyoongozwa na mwandishi Ernesto Sabato ikakusanya ushuhuda nchi nzima, na mwezi Septemba 1984 ikakabidhi ripoti yenye majina 8,961 ya waliotoweshwa na orodha ya vizuizi vya siri takriban 340. Mashirika ya haki za binadamu husema waliotoweshwa walifika 30,000.

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na Waargentina walikuwa na kila sababu ya kupisha. Maofisa waliokuwa wametekeleza utekaji huo bado walikuwa kambini na silaha zao. Wanajeshi walipewa kwanza nafasi ya kujihukumu wenyewe, na baraza lao la juu likajibu kwamba amri zilizotolewa hazikuwa na kasoro. Ndipo Mahakama ya Rufaa ya Buenos Aires ikaichukua kesi, na mzigo wa kuiendesha ukamwangukia Julio César Strassera.

Hapa ndipo fundi anapoonekana. Mshtakiwa mkuu, Videla, hakuwahi kumkamata mtu kwa mkono wake. Alikuwa mezani, mjini, na kalamu. Amri za kuua hazikuwekwa saini, na maiti nyingi hazikupatikana. Utetezi wa makamanda ulikuwa mwepesi kuutamka: kama kulitokea maovu, yalikuwa makosa ya wadogo waliozidisha. Mwendesha mashtaka alipaswa kuionyesha njia inayotoka kwenye chumba cha mateso cha mkoani hadi kwenye meza ya jenerali, bila kuwa na hata karatasi moja inayoichora njia hiyo.

Strassera na msaidizi wake, Luis Moreno Ocampo, hawakujaribu kuthibitisha kila kitu. Kutoka katika maelfu ya malalamiko walichagua kesi 709. Walitafuta kesi za mikoa mbalimbali, za miaka mbalimbali, za jeshi la nchi kavu, la majini na la anga, za wafanyakazi, wanafunzi, wanawake wajawazito, watu wasio na siasa yoyote. Ukili mmoja haukuonyeshi mkeka. Unapoziunga kili nyingi, ua linajitokeza lenyewe. Kaskazini na kusini, mwaka 1976 na mwaka 1978, mambo yalikuwa yale yale: kikosi chenye silaha usiku, polisi wa mtaa walioambiwa wasikaribie, kitambaa machoni, umeme, na jibu la ofisi kwamba mtu huyo hajulikani. Askari mmoja mkatili anaweza kuitwa mzidishaji. Ukatili ule ule, kwa utaratibu ule ule, katika nchi yenye upana wa Argentina, ni amri. Marudio yenyewe yakawa ushahidi.

Mitre ameielewa hoja hii ya kisheria, akaifanya kuwa mhimili wa msuko wake. Mtunzi wa kawaida huyaogopa marudio, maana huchosha. Yeye anayatumia. Tunawaona vijana wa ofisi ya mashtaka, kwa kuwa mawakili wenye majina walikataa kujihusisha, wakisafiri mikoani na kurudi na majalada, wakiyapanga, wakiyapa namba. Mwanzoni tunacheka nao, kwa sababu ni wachanga na wana papara. Kisha maelezo yanaanza kufanana. Shahidi wa tatu anasema alichosema wa kwanza, na mtazamaji, bila kuelezwa na mtu, anafika mwenyewe pale majaji walipopaswa kufika. Sijui njia bora zaidi ya kumfundisha mtu sheria ya ushahidi.

Ustadi wa pili ni kile ambacho filamu imekataa kukionyesha. Haituingizi katika vyumba vya mateso. Haturudishwi nyuma kuona damu wala kusikia vilio. Tunachopewa ni mtu aliyeketi mbele ya majaji na kusema. Kwa uamuzi huo mtazamaji anawekwa mahali pa jaji: hakuona, anasikiliza, na lazima aamue kama anaamini.

Uzito wa uamuzi huo unajulikana anapoingia Adriana Calvo, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha La Plata. Alitekwa mwaka 1977 akiwa mjamzito, akamzaa bintiye ndani ya gari la polisi, mikono imefungwa, macho yamefungwa, mtoto ananing'inia bila mtu wa kumpokea. Aliyasema hayo mahakamani mwezi Aprili 1985, akiwa manusura wa kwanza kutoa ushahidi. Katika kumbukumbu halisi za video, kamera iliwekwa nyuma ya mashahidi, kwa hiyo taifa liliona migongo yao; na televisheni iliruhusiwa kuonyesha dakika tatu tu kwa siku, bila sauti. Filamu inamzunguka shahidi na kumtazama usoni. Mwigizaji Laura Paredes hasukumi machozi. Anasimulia kwa mpangilio, kama mtu ambaye amekwisha kuyapitia maneno hayo mara nyingi peke yake na sasa anachojali ni usahihi. Muziki hauingilii. Kamera haimkimbii. Miaka karibu arobaini baadaye, uso na sauti ambavyo watu walinyimwa mwaka 1985 vinawafikia pamoja.

Baada ya ushahidi huo filamu inatupeleka kwa mtu asiyekuwa mahakamani, yaani mama yake Moreno Ocampo. Familia yao ilikuwa na wanajeshi, na mama huyo alikuwa akisali kanisa moja na Videla na kumheshimu. Aliposikia habari za Calvo alimpigia mwanawe simu kumwambia kwamba bado anampenda Videla, lakini mwanawe ana haki, na mtu huyo lazima afungwe. Moreno Ocampo amelisimulia jambo hili mara nyingi maishani. Mahali pake katika msuko pamechaguliwa vizuri sana. Mashtaka yalikuwa yakiandikwa kwa ajili ya majaji sita, lakini nchi haingetulia mpaka watu wa aina ya mama huyu washawishike. Tukio la dakika chache linatuonyesha hukumu ya pili, ile inayotolewa majumbani.

Strassera anavyochorwa na Ricardo Darín hapendezi kwa haraka. Anavuta sigara mfululizo, ana hasira za karibu, anamshuku mchumba wa bintiye na kumtuma mwanawe mdogo akawachunguze. Alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali hata katika miaka ya utawala wa kijeshi, na filamu haifichi kwamba swali la alichofanya wakati huo linamkera. Nalipenda chaguo hili. Shujaa asiye na doa angetufanya tuamini kwamba kazi kama hii ni ya watu wa aina nyingine. Huyu ni mtumishi wa ofisi ambaye simu za vitisho zinaita nyumbani kwake, anaogopa, na kesho yake anakwenda kazini. Ujasiri wake uko katika kusoma jalada linalofuata.

Hata nidhamu ya chumba cha mahakama imekuwa sehemu ya usanii. Mama wa Plaza de Mayo, waliozunguka uwanja huo mwaka hadi mwaka wakidai watoto wao, wanaombwa wavue vitambaa vyao vyeupe wakiwa ndani ya ukumbi. Inauma kutazama. Lakini upande wa mashtaka ulijua kwamba utetezi ulikuwa ukitafuta kila sababu ya kuiita kesi hiyo siasa, na haukutaka kuupa hata moja. Waliodhulumiwa walitakiwa kuwa watulivu kuliko waliodhulumu, na walikuwa hivyo.

Kilele ni majumuisho ya Strassera ya tarehe 18 Septemba 1985. Aliyaandaa akisaidiwa na rafiki yake Carlos Somigliana, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa pia mtumishi wa mahakama, na mkono wa mtu wa jukwaa unasikika. Hotuba inapanda taratibu kutoka kwenye matukio hadi kwenye maana, na inapofika mwisho, msemaji anajiondoa. Anakataa kudai maneno ya kwake, anachukua maneno mawili ambayo tayari yalikuwa jina la ripoti ya tume ya Sabato, ya kuapa kwamba jambo hili lisitokee tena kamwe, na kuyatoa kama mali ya wananchi wote. Ukumbi ulisimama ukipiga makofi. Darín anaisoma hotuba hiyo bila kupaza sauti, akijua kwamba kazi yote ya miezi iliyopita imekwisha kumsemea.

Hukumu ya tarehe 9 Desemba haikuridhisha kila mtu, na hapo napo pana ustadi wa kuheshimiwa. Majaji walikataa hoja kwamba makamanda wote wawajibike kwa pamoja. Walimpima kila mmoja kwa matendo ya jeshi lake. Videla na Emilio Massera walipata kifungo cha maisha, Roberto Viola miaka 17, Armando Lambruschini miaka minane, Orlando Agosti minne na nusu, na wanne wakaachiwa huru. Wengi walilia kwa uchungu. Lakini mahakama inayoweza kumwachia jenerali kwa kukosa ushahidi ndiyo ambayo hukumu yake dhidi ya jenerali mwingine haiwezi kuitwa kisasi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki na Kongo watamtambua yule msaidizi kijana. Luis Moreno Ocampo alikuwa mwendesha mashtaka wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Chini yake Thomas Lubanga wa Kongo akawa wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama hiyo, Machi 2012, na ni yeye aliyewataja Wakenya sita mwezi Desemba 2010 kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Katika mashauri ya Kenya mashahidi kadhaa walijitoa au kubadili maelezo, na hakuna hata mmoja wa wale sita aliyetiwa hatiani. Tukiitazama Buenos Aires baada ya hayo, tunaelewa kwa nini filamu inawaenzi mashahidi kuliko mawakili. Watu zaidi ya 800 walitoa ushahidi mwaka 1985, huku waliowatesa wakiwa bado mitaani. Bila wao Strassera angekuwa na nadharia nzuri tu.

Ushindi huo haukudumu kisiasa. Sheria za mwaka 1986 na 1987 zilizuia mashtaka mengine, na Desemba 1990 Rais Carlos Menem akawasamehe Videla na Massera. Lakini msamaha haukufuta hata ukurasa mmoja wa ushahidi. Mahakama ya Juu ya Argentina ilipozibatilisha sheria hizo mwaka 2005, kesi zilifunguliwa upya zikiwa na msingi uliokwisha kujengwa, na Videla alifia gerezani mwaka 2013. Rais anaweza kufungua mlango wa jela kwa saini moja. Jambo lililothibitishwa vizuri mahakamani halifutiki kwa saini. Kwa sababu hiyo kazi ya kuchagua, kusafiri, kusikiliza na kupanga majalada 709 ilistahili filamu, na filamu iliyostahili ilikuwa hii iliyokubali kwenda kwa mwendo wa kazi yenyewe.